Mdogo wangu asema wamemwekea kamera darini na chakula cha mama hali, tumfanyeje?

Swali: "Assalam aleikum. Mimi ni dada wa miaka 26, twakaa Kisauni. Mdogo wangu wa kiume ana 21, alikuwa chuo akarudi nyumbani mwezi uliopita. Siku tisa sasa halali. Asema jirani wa juu ametoboa dari akaweka kamera, dirisha ameliziba kwa magazeti, chakula cha mama hali asema kina sumu, na usiku namsikia ajibizana na watu nisiowaona. Mama ataka tumpeleke kwa mganga. Ami ameshaleta kamba, asema akizidi tumfunge. Mimi nikimwambia hakuna kamera anapiga kelele, juzi akaniambia hata mimi niko nao. Nimelia mpaka nimechoka. Nimwambie nini, na nianzie wapi?"

Jibu: Waaleikum salaam mwanangu, na pole, pole sana. Mimi ni muuguzi wa magonjwa ya akili, kazi hii naifanya hapa Pwani mwaka wa 23 sasa na nyumba kama yenu nimeingia nyingi, kwa hivyo nikuambie mapema kabisa kwamba haya yana dawa na mdogo wako hajapotea. Ila tusikae. Siku tisa bila usingizi ni nyingi sana, nataka awe ameonwa na daktari kesho, na njia nitakueleza.

Kwanza hiyo kamba. Itoke ndani ya nyumba leo, na itoke bila yeye kuiona. Ami yako namuelewa, si mtu mbaya, ni mtu mzima ameogopa na hajui ashike wapi, lakini hebu tazama jambo lenyewe lilivyo upande wa mdogo wako. Yeye tayari aamini kuna watu wanamwinda. Sasa watu wa kwao, damu yake, wamshike wamlaze chini wamfunge. Si mumemhakikishia? Baada ya hapo hata maji hatayapokea kwa mikono yenu. Na mwili nao una yake, mtu akilazwa kifudifudi huku watu wamemkalia mgongoni aweza kukosa pumzi akafa pale pale, na mikono ikifungwa usiku kucha damu haipiti, nimepokea vijana vidole vimevimba na kubadilika rangi, ikabidi tuanze kushughulika na mkono kabla hata hatujagusa akili.

Naanza na kamba manake ndani yake kuna jambo moja ambalo ningeomba nyumba nzima ilishike, mama, ami, majirani, wote. Mdogo wako anaogopa vitu vinne: kwamba anapigwa picha, kwamba anatiliwa sumu, kwamba atakamatwa, na kwamba wa kwao wanamdanganya. Nyumba nyingi, kwa mapenzi kabisa na bila kujua, huenda zikafanya vitu vyote vinne viwe kweli. Wanamrekodi kwa simu wamtumie ndugu aliye Nairobi aone hali ilivyo. Wanamtilia vidonge kwenye chai. Wanamfunga. Kisha wanamwambia twaenda kwa shangazi, anashtukia yuko getini hospitali. Nakuomba sana mwanangu, msiifanye hofu yake iwe kweli. Hakuna hata mmoja ashike simu ammulike, na ile video kama ishaingia kwenye grupu ya familia iombe ifutwe. Usiku msinong'one jikoni. Hilo watu hulisahau, wanakaa kando wanazungumza chini chini "sasa tumfanyeje", na yule yuko chumbani asikia mnong'ono bila kusikia maneno, maneno atajazia yeye.

Sasa ni nini hiki. Sisi twaita saikosisi, mtaani watakwambia amerukwa na akili, au ana wazimu, neno ambalo silipendi kwa mtu anayeumwa. Ni hali ambayo ubongo unaleta habari ya kitu kisichokuwepo, na habari ile yamfikia mtu ikiwa kamili, haina kasoro. Zile sauti hazifikirii, anazisikia kwa masikio, kama wewe unavyomsikia muadhini wa msikiti wa karibu. Mtu akija akakwambia muadhini hakuadhini na wewe umemsikia sasa hivi, utamuonaje? Utaona yeye ndiye mwenye walakini, au ana sababu ya kukuficha. Ndiyo maana alikwambia wewe uko nao. Usililie hilo. Hakukuchukia, wewe ndiye unayekwenda kuzungumza naye kila mara kwa hivyo wewe ndiye uliyekuwepo wakati wa kusemwa.

Na si kitu cha ajabu kilichoteremka kwenu peke yenu. Katika kila watu 100, karibu 3 hupitia hali hii angalau mara moja maishani, na mara nyingi huanza umri huu huu, miaka ya mwisho ya ujana mpaka thelathini hivi. Tafadhali jina la ugonjwa msilibandike sasa. Atatokea mtu mwenye ndugu anayefanya kazi kemisti aseme hii ni skizofrenia, na skizofrenia ipo, Shirika la Afya Duniani lasema ni kama mtu 1 kwa kila 300, lakini ili daktari aiite hivyo dalili zatakiwa ziwe zimekaa mwezi mzima au zaidi na sababu nyingine ziwe zimeondolewa. Siku tisa hazitoshi kumpa mtu jina la maisha. Yaweza kuwa baipola, ule ugonjwa wa moyo kupanda mno kwa furaha kisha kushuka mno kwa huzuni, yaweza kuwa vitu alivyotumia, yaweza kuwa hata ugonjwa wa mwili, nitafika huko.

Uliuliza umwambie nini. Hapa nitakaa kidogo.

Kuna makosa mawili na watu wazuri huyafanya yote mawili kwa siku moja. La kwanza ni kubishana. Hakuna kamera, panda uangalie, we mbona huelewi. Hujawahi kumshinda na hutamshinda, ukimpandisha darini akakosa kamera atasema wameiondoa waliposikia mwaja. La pili ni kumkubalia ili atulie, ndio kweli iko kamera, jirani yule mbaya twamjua. Hapo mumemwachia hofu na mumempa na ushahidi, na kesho akienda kumkabili jirani atasema hata dada anajua. Mimi kijana bado, nimetoka tu chuo cha uuguzi, nilimkubalia mgonjwa mmoja hivyo nikidhani namsaidia, akaenda kuvunja mlango wa watu, na sijasahau uso wa mke wa ile nyumba.

Ya kufanya ni hii, iache kamera, jibu woga. Woga ni wa kweli. Hata kamera isipokuwepo, moyo wake waenda mbio kweli, jasho lamtoka kweli, na hapo wewe waweza kusimama naye bila kusema uongo wowote. Mwambie: "Mimi sijaiona hiyo kamera, lakini naona vile umeogopa, na mimi ningekuwa nasikia unavyosikia ningeogopa pia." Kisha nyamaza. Usirundike maneno, saa hii akili yake imejaa sauti na wewe waongeza nyingine. Sentensi fupi, sauti ya chini, mtu mmoja azungumze. Usimkabili uso kwa uso, kaa ubavuni kama mnavyokaa barazani, na usikae kati yake na mlango. Mlango uwe upande wake, aone akitaka kutoka atatoka. Muulize, "nikae hapa au nikuache kidogo?" Akisema ondoka, ondoka, rudi baada ya nusu saa. Yale magazeti ya dirishani yaacheni. Hayamdhuru mtu na yanampa pumzi, yatatoka yenyewe akipona. TV izimwe, na wageni wa kuja kumjulia hali waambiwe kwa adabu asanteni, siku nyingine.

Chakula sasa. Miaka ya nyuma tuliitwa nyumba moja Majengo, kijana wa umri wa mdogo wako, siku mbili hajagusa hata maji, midomo imepasuka. Mamake alikuwa amesimama na kikombe mlangoni, amrai, "mwanangu kunywa, mimi ndiye nilokuzaa nitakutilia sumu?", na kila akisema neno sumu yule kijana arudi nyuma. Nikatoka nje nikamuita mwenye mkokoteni wa madafu. Nikamwambia yeye na panga lake abaki kule kule barabarani, sisi tutaona tukiwa mlangoni. Nikamwambia kijana chagua wewe. Akatazama muda mrefu sana. Akanyoosha kidole, lile la chini. Likatolewa, akalishika, akaligeuza, akaligonga kwa kucha, akanusa kikonyo, akalirudisha. Likakatwa yeye akiona. Akanywa lote bila kupumua, maji yammwagika shingoni, akataka la pili. Kisha akasema peke yake, "hili halina mkono wa mtu." Mimi sikuwa nimemwambia hakuna sumu hata mara moja. Baada ya dafu la pili ndipo nikamuuliza usingizi waupata, akaanza kulia, akasema nataka kulala lakini hawaniachi.

Kwa hivyo mpeni vitu ambavyo mkono wa mtu haujaingia. Dafu, ndizi, chungwa na ganda lake, yai la kuchemsha lisilomenywa, maji ya chupa afungue mwenyewe asikie ule mlio wa kizibo. Wali ukipakuliwa kwenye sinia moja, kuleni nyinyi kwanza na yeye achague upande wa kula, bila kumwambia "si unaona twala". Mama asijisikie vibaya. Si chakula chake kilichokataliwa.

Na ndiyo sababu nasema dawa za kutilia kwenye chai hapana. Hata iwe dawa halali ya daktari, siku atakayoona unga chini ya kikombe mumepoteza miaka. Dawa za usingizi za kununua kemisti bila kuandikiwa pia hapana, mumjazie kitu juu ya kitu ambacho hamkijui kiko mwilini.

Hapo kwenye kitu kilichoko mwilini. Muulize, wewe si ami, polepole na bila sura ya polisi, kama alikuwa anatafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa, au anavuta bhangi, na kama kuna kingine. Muguka una katinoni, ambayo kazi yake mwilini ni kama ya amfetamini, dawa ya kuchangamsha, unamkesha mtu, na kukesha siku nyingi peke yake kwaweza kuvuruga akili hata ya mzima, sasa ukichanganya na bhangi kwa kijana ambaye pengine alizaliwa na wepesi wa hali hii ndio hivyo. Kaunti ya Mombasa iliupiga marufuku Mei 2024, mahakama ikaisimamisha amri, mimi sitaingia hapo, nasema tu ninachokiona wodini. Lakini sikiliza, hata kama alitumia, usimpige hotuba sasa. Habari hiyo ni ya kumpa daktari tu. Na wako wengi ambao hawajawahi kugusa chochote na wamepata, kwa hivyo msikimbilie kumhukumu.

Kuna pia magonjwa ya mwili yanayojifanya ya akili, na haya ndiyo yanayoniogopesha kuliko yote manake yaua haraka. Malaria ikipanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka, kifafa, kuumia kichwa, maambukizi yanayohusiana na HIV. Tofauti waweza kuiona nyumbani. Kama ana joto, au shingo imekakamaa, au ametapika sana, au anaanguka na kutetemeka, au hajui leo siku gani na yuko wapi, asubuhi yuko sawa jioni amepotea, basi usingoje kesho, usingoje hata nimalize, mpelekeni upande wa dharura Makadara, ile hospitali kuu ya Pwani, usiku huu huu. Na ewe dada mwingine unayesoma hapa una wifi yako aliyejifungua wiki hii au iliyopita na ameanza kutolala na kusema maneno yasiyoeleweka juu ya mtoto, hiyo pia ni ya usiku huu, mama na mtoto wasiachwe peke yao hata kwenda chooni.

Mamako na mganga. Najua hili ndilo zito nyumbani, na mimi siji kumvunjia mtu imani. Mimi ni Muislamu, nimesomewa na nawasomea wanangu. Mama ajua kuliko mimi hadithi ya kwamba kila ugonjwa umeteremshiwa dawa yake, basi mwambie sindano ya hospitali ni katika hizo dawa, na kisomo hakuna aliyekikataza. Shekhe mnayemuamini akija akakaa kando yake akamsomea kwa sauti ya chini, na kijana mwenyewe ameridhia, mimi naona kheri tupu, wengi huwatuliza. Ninachokataa ni kile kingine. Kupigwa fimbo ili pepo atoke. Kufukizwa moshi kwenye chumba kilichofungwa mtu akose hewa. Kunyimwa chakula, kufungwa minyororo, kunyweshwa mizizi isiyojulikana ambayo figo ndizo zitakazolipa. Kombe nalo, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, kwa huyu wenu anayeogopa kutiliwa, lisubiri, kumlazimisha mtu huyu kunywa kitu cha rangi ambacho hajui kilivyotengenezwa ni kurudi kule kule kwenye sumu. Usishindane na mamako hadharani. Mwambie, "mama, kesho hospitali, na shekhe aje alasiri." Vyote viwili. Mama akiona hukumnyang'anya lake atakusaidia kumshawishi mwanawe, na wao husikia mama.

Atakubali kwenda? Kwa neno wazimu hatakubali. Kutojua kwamba anaumwa ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, si ukaidi, kwa hivyo msimtake akiri kwanza ndipo asaidiwe. Tafuta kile ambacho yeye mwenyewe kinamchosha. Kwa wengi ni usingizi. "Siku tisa hujalala, mwili wako umechoka, twende kwa daktari akusaidie ulale, mimi nitakuwa nawe mwanzo mpaka mwisho, na chochote watakachokupa nitawaambia wakueleze kwanza." Hakuna uongo humo ndani hata chembe. Akikataa mara ya kwanza si mwisho, muulize tena baada ya kuoga, baada ya kula.

Hospitali ya Port Reitz kuna wodi ya magonjwa ya akili na kliniki, na Makadara pia watamuona na kuwapa barua ya kuwatuma huko. Wengi wakisikia hospitali ya akili moyo waenda Mathari, ile ya Nairobi iliyoanza 1910, na hadithi zote za kuta na kufungiwa. Siku hizi wengi wanatibiwa hapa hapa na wanarudi kwao, wengine hata hawalazwi. Bebeni kitambulisho chake, hakikisheni amesajiliwa SHA, ile bima ya afya ya serikali, na wewe leo andika kwenye karatasi moja: ilianza lini, analala saa ngapi, amekula nini, ametumia nini, kuna mtu ukoo wenu aliyewahi kupata hali kama hii, amewahi kuanguka kifafa. Ukifika pale umechoka utasahau nusu, karatasi haisahau.

Na kama amekataa kabisa na hali inazidi, Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa 2022, yawapa jamaa njia ya kuomba alazwe bila ridhaa yake pale ambapo kuna hatari, na hospitali watawaongoza. Polisi waitwe tu kama kuna silaha au mtu yuko karibu kuumizwa, na ukiwapigia neno la kwanza liwe "ni mgonjwa", si "kuna mtu anatufanyia fujo". Visu vya jikoni, dawa za panya, mafuta ya taa, viondoeni leo kimya kimya. Nasema hivyo si kwa kuwa watu hawa ni hatari, wengi wao hawamgusi mtu, mara nyingi ni wao wanaopigwa mtaani. Nasema kwa kuwa kuna sauti zinazoamrisha, na nyingi zinamuamrisha ajidhuru yeye.

Ndiyo, muulize. "Hizo sauti zinakwambia ufanye nini? Zimewahi kukwambia ujiue?" Kumuuliza hakumtii wazo, wazo kama liko liko tayari, na wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna mtu ameuliza. Akisema ndio, hakai peke yake hata dakika, na twaenda hospitali saa hiyo hiyo. Na asiogope kusema eti atafungwa. Mahakama Kuu Januari 2025 ilisema kile kifungu cha sheria kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai chaenda kinyume na Katiba. Kama wewe umezidiwa usiku na hujui la kufanya, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure, kuna mtu wa kuzungumza naye.

Sasa dawa, na hapa nisikilize vizuri manake hapa ndipo familia nyingi zilizofanya kila kitu sawa huanguka. Pengine atapewa olanzapini au risperidoni ya vidonge, pengine sindano ya haloperidoli ya kumtuliza. Usingizi na wasiwasi huanza kubadilika siku chache za kwanza. Sauti na yale mambo ya kamera huchukua wiki, mbili, nne, sita, na hayakatiki kama taa, yanafifia, siku moja atasema "bado nawasikia lakini wako mbali." Wiki ya kwanza mama atasema dawa haifanyi kazi. Mwambie subiri.

Lakini kuna usiku mmoja nataka muujue kabla haujafika. Niliwahi kupigiwa simu saa saba za usiku na baba mmoja analia, asema mwanangu jini limepanda, shingo imepinda upande, macho yameangalia juu kwenye dari hayashuki, ulimi umetoka, na sindano mumempa nyinyi. Walikuwa wameshamuita mtu wa kupunga. Nikamwambia si jini mzee wangu, ni dawa, misuli imekakamaa, mchukue mlete. Akachomwa sindano ya kulegeza, na haikufika nusu saa yule kijana akaomba maji. Hii hutokea sana kwa vijana wa kiume, siku chache tu za mwanzo, haswa na haloperidoli. Yatisha kuitazama na kwa mgonjwa yauma, lakini yaondoka haraka. Yule baba angelikuwa ameambiwa mapema hangeogopa vile, na kosa lilikuwa letu, tulimpa dawa bila kumpa maneno. Kwa hivyo kabla hamjatoka hospitali muulize daktari, "shingo ikikakamaa usiku tufanyeje?" Huenda mkapewa vidonge vya Artane vya kukaa navyo. Hivyo avitunze mama, vijana wengine mtaani huvitumia kulewa.

Atanona pia, haswa na olanzapini, atalala sana mwanzoni, pengine miguu itamtembea asiweze kukaa, na mambo mengine ambayo mwanamume huona haya kuyasema. Yote yana namna ya kurekebishwa, dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa. Kisichofaa ni kuiacha kimya kimya. Akipata nafuu miezi mitatu atasema nimepona, na amepona kweli, amepona akiwa anakunywa. Baada ya tukio la kwanza kwa kawaida twataka aendelee kama mwaka mzima tangu dalili ziishe, kisha daktari ashushe taratibu. Kwa anayesahau vidonge kuna sindano ya mara moja kwa mwezi. Mwezi wa Ramadhani akitaka kufunga mwambieni daktari kabla, saa za dawa zapangwa, si lazima achague kati ya saumu na tiba.

Uliniuliza nimsaidie vipi, hukuuliza kama atarudi chuo, lakini najua umelala na hilo moyoni. Hata kwa skizofrenia yenyewe, Shirika la Afya Duniani lasema angalau mtu 1 katika 3 hupona kabisa, na wengi waliobaki huishi, hufanya kazi, huoa. Na anayefikishwa mapema ana nafasi bora kuliko aliyekaa mwaka mzima akizungushwa. Nyinyi muko siku ya tisa. Akirudi nyumbani msimtanie kwa aliyoyasema, na barazani msiruhusu mtu amuite jina.

Sasa kwa kesho. Usiku huu gawaneni zamu, wewe ulale angalau saa tano, mama akae naye, bila maswali mengi. Matatu sitaki, ule muziki na ule msukumano wa Buxton ni mzito kwake, tafuteni teksi ya mtu mnayemjua, na dereva aambiwe redio izimwe. Tokeni mapema baada ya alfajiri, daraja la Nyali kabla halijajaa. Mwambie njia yote kabla ya kuingia garini, tutapita Makupa, tutapita Changamwe, tutateremka Port Reitz, ili kona yoyote isimshtue. Mnunulieni dafu njiani, achague mwenyewe. Wewe kaa naye nyuma, ami akae mbele na dereva, na asigeuke geuke kumtazama.